Sahani ya Bluu ya Bi Zuhura

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Hapa Kidete tu wazima, babu yako anapanda mahindi. Umeniuliza kwa nini kila Krismasi kashata za kwanza naziweka kwenye sahani ya bluu na siwaruhusu kuzigusa.

Mama yangu alifariki nikiwa na miaka kumi na miwili. Idi ya mwaka ule jirani yetu, Bi Zuhura, alituletea visheti kwenye sahani hiyo, na kwetu sahani ya jirani hairudishwi tupu. Krismasi ilipofika nikapika kashata za karanga peke yangu. Sukari niliiepua mapema, hazikushika. Nikampelekea hivyo hivyo, huku nalia.

Bi Zuhura alichukua kijiko, akala mbele yangu hadi akamaliza.

"Hata za kwanza za mama yako tulizila kwa kijiko," alisema. "Sahani kaa nayo."

Tangu hapo kila Krismasi naijaza na kuipeleka kwenye nyumba iliyofiwa mwaka huo. Mwaka huu tumemzika mama yako, mwanangu wa kumzaa, kwa hiyo inakuja kwako. Imo kwenye kifurushi hiki, na kashata nimezitia kwenye kopo.

Nazo hazikushika, Neema. Chukua kijiko.

Bibi yako