Madarasa Yanayosubiri Mkasi

Alhamisi jioni, mwezi wa nane. Katoro leo ni upepo na vumbi tangu asubuhi, na mimi nina hasira mpaka chai imenishinda.

Mwalimu mkuu wetu ametenguliwa. Afisa Elimu Kata alileta barua saa nne asubuhi, akaisoma ofisini sote tukiwa tumesimama. Mama Kulwa ameongoza shule hii miaka sita. Mama wa Kishapu huyo, anayempigia goti mzee yeyote akimwamkia, lakini kujipendekeza hajui. Sasa anapelekwa kuwa mwalimu wa kawaida kwenye shule ya porini ambako bodaboda wanakwenda kwa kubembelezwa.

Kosa lake? Madarasa mawili mapya yalikutwa yanatumika.

Ndiyo, yanatumika na wanafunzi. Shuleni. Khaa!

Madarasa yenyewe waliyaanza wazazi. Walibeba mawe, mchanga na maji, wengine wakija moja kwa moja kutoka kwenye makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu, miguu bado myeupe kwa vumbi. Serikali ikamalizia kupaua, kupiga lipu na kuleta madawati. Tangu mwezi wa tano kila kitu kilikuwa tayari. Ndipo Diwani wetu akaagiza kwamba asiingie mtu mpaka mgeni mkubwa aje kukata utepe.

Mgeni akaahirisha. Akaahirisha tena. Darasa la saba, wenye mtihani wa taifa wiki chache zijazo, wakaendelea kubanana chumba kimoja na darasa la sita, walimu wawili tukigawana ubao. Wakati huohuo ng'ambo ya uwanja madawati mapya yamefunikwa nailoni, na wenye shule yao wanayachungulia dirishani.

Jamani, utepe!

Sasa nakiri jambo ambalo sijamwandikia mtu popote. Mama Kulwa hakuyafungua yale madarasa. Niliyafungua mimi.

Mimi ni mwalimu wa taaluma na funguo za shule zinakaa kwenye droo yangu. Siku hiyo mkuu alikuwa kikaoni Geita. Nilikuwa nafundisha hisabati, binti mmoja anaandikia mgongoni kwa mwenzake kwa kukosa pa kuweka daftari. Nikachoka. Nikawaambia chukueni madaftari, twendeni. Mama Kulwa aliporudi alisimama mlangoni, akawatazama, akasema tu, "Wawe wanafuta miguu kabla ya kuingia." Tukasoma vizuri karibu wiki mbili.

Jumatatu Diwani akaja ghafla kukagua maandalizi. Akakuta hesabu ubaoni, nyayo sakafuni, na dawati moja limechorwa jina la mtoto. Alifoka mbele ya wanafunzi, mishipa ya shingo imemsimama. Nani kafungua?

Mama Kulwa akajibu kabla sijavuta pumzi. "Shule ni yangu, mheshimiwa. Ya hapa yote yananihusu mimi."

Nami nikatulia kama maji ya mtungini. Mwanamke mzima, mwenye mdomo wa kugombeza watoto wa watu kila siku kwamba wawe wakweli, nikaangalia viatu vyangu.

Leo nimelipwa kwa ukimya huo. Barua ya pili ilikuwa yangu: nimeteuliwa kukaimu ukuu wa shule. Mimi! Afisa Elimu Kata akanivuta pembeni. Uzinduzi ni Jumanne, madarasa yapigwe deki, ubao ufutwe, milango ifungwe kuanzia kesho. "Haya mengine tufunike kombe, Mwalimu." Hata yeye alikuwa hanitazami usoni. Anaogopa kiti chake. Diwani kamkalia yeye, yeye anikalie mimi, mimi niwakalie watoto, halafu matokeo yakitoka mabaya tutaitwa kikaoni kuulizwa walimu mnafanya kazi gani.

Nina hasira na Diwani. Nina hasira zaidi na mimi.

Mchana nilimkuta Mama Kulwa anapanga vitabu vyake kwenye boksi. Nikamwambia naenda kusema ukweli sasa hivi. Akanishika mkono, akaniita mama kwa Kisukuma chake. "Mayu, ukisema leo watatutoa wote wawili, halafu ataletwa mtu wa kufunga milango. Wewe kaa." Nililia pale ofisini, wala sioni aibu kuandika.

Yuko sahihi kwa asilimia mia. Tatizo ni kwamba maneno yake yananipa kisingizio kizuri mno cha kuendelea kuwa mwoga, na mimi najijua.

Kwa hiyo barua nimeisaini. Ukaimu naupokea, na milango sifungi. Kesho darasa la saba wanaingia mlemle. Jumatatu pia. Na Jumanne mgeni akija na mkasi wake atawakuta wamekaa, kalamu mkononi. Diwani atauliza tena nani kafungua, na safari hii nitajibu mimi, na ya ile siku ya kwanza pia nitayasema, mbele ya wazazi waliobeba mawe.

Huenda basi nikawa mkuu wa shule kwa siku tatu za masomo.

Zinatosha kumaliza desimali.