Moto wa Bibi Harusi na Moto wa Jiko

Dada Fortunata,

Shikamoo. Sisubiri marahaba yako, maana hata ulipokuwa hai ilikuja siku ulizojisikia tu.

Nimekaa kwenye kiti chako, kile ulichokataza mtu mwingine asikikalie. Umeme umekatika tangu asubuhi, wateja wamerudi makwao, na mimi nimepata nafasi ya kukusema. Huu ni mwezi wa tano umelala kule makaburini na sijamsikia hata mmoja aliyekutaja kwa ubaya. Kila anayeingia anafungua kitambaa na kuanza, marehemu alikuwa na mkono, marehemu alikuwa na mkono. Kweli ulikuwa na mkono. Ulikuwa na mdomo pia, ila huo naona walikuzika nao.

Aliyenichokoza ni Zuhura, yule binti wa mtaa wa pili hapahapa Ng'ambo aliyekuwa anakuja kuazima rola zetu na wewe unamtukana kwanza ndipo unampa. Anafungua saluni yake. Alikuja kuniuliza, eti hizi draya za bei kali zina maana, au anunue ya kawaida aanze maisha? Swali la kujibiwa umesimama mlangoni. Mimi nikamwambia arudi kesho, na alipofika kesho yake nikamwambia arudi keshokutwa. Nilichomjibu mwishoni nitakuambia, lakini kuna mambo inabidi uyasikie kwanza.

Ndugu zako waliniachia funguo, wakasema niendeleze jina. Jina bado lipo juu ya mlango, ingawa mvua imekula herufi mbili za mwisho. Wake za wakulima wa tumbaku bado wanakuja kutoka Urambo masoko yakishalipa, na bado hawataki kukaa popote isipokuwa kwa Bibi Harusi.

Unakumbuka siku ulipomleta? Ulitoka naye Dar es Salaam kwa basi, umempakata, umekataa asiwekwe kwenye buti, mpaka magoti yakavimba. Draya nyeupe uliyoiita Bibi Harusi, yenye vitufe vya kubonyeza, na kofia yake kubwa ya kufunika kichwa kizima. Mama yangu aliposikia bei yake aliuliza hizo ni ng'ombe wangapi. Nikamtajia. Akasema basi lazima inasuka yenyewe.

Ile draya ya zamani, nyeusi, iliyobanduka rangi, ukaisukuma pembeni karibu na mlango wa nyuma na kuibatiza jina la Jiko. Maharusi na wake za wakubwa wakakaa pale penye kioo. Wasichana wa kazi, wanawake waliotoka vijijini, na walimu ambao mshahara ulikuwa haujaingia, wote walikwenda kwa Jiko. Ulikuwa unawaambia wateja bila kupunguza sauti kwamba huu ni moto wa watu na ule ni moto wa kuchomea mihogo. Na mimi niliamini. Niliyashika maneno yako kuliko nilivyoshika katekisimu.

Sisemi kwamba hukunitendea wema. Nilitoka Choma na mfuko mmoja, sijui hata kushika kitana, ukanipa kitanda chumbani kwako. Nilipomuunguza yule mwalimu kwa dawa ya nywele ukasimama mbele yangu ukasema kosa ni lako, halafu alipotoka ukanipiga vidole kwa mkia wa kitana mpaka nikashindwa kula ugali kwa mkono ule. Jumapili baada ya misa ya pili tulipika mlenda wa karanga, tukashiba, kisha ukaniambia, "Funga mlango, Koleta." Unavua wigi. Mimi peke yangu mji huu nilijua kwamba nywele zako za mbele zilikwisha, zimeliwa na dawa ileile uliyokuwa unawasifia wenzako. Nilikupaka mafuta polepole na wewe ukasinzia. Nilikupenda sana saa hizo, dada. Hata sasa nikifika hapo kwenye kumbukumbu nasahau nilichotaka kukusema, na ndiyo maana siwezi kukaa hapo muda mrefu.

Tuje kwa mama.

Mdogo wangu alikuwa anapata kipaimara. Mama alifuga nywele mwaka mzima kwa ajili ya siku ile, mtu ambaye tangu nimjue alikuwa ananyoa na kufunga kitambaa. Alisafiri toka Choma, akapanda gari Igunga, akabadilisha Nzega, akafika amevaa kitenge kipya na kuku wako kwapani. Kuku ulimpokea. Nikamwosha mama nywele, nikamfunga rola, na kwa kuwa Bibi Harusi alikuwa hana mtu, nikamkalisha pale. Nilitaka akirudi kijijini akawahadithie.

Ulikuwa unampaka rangi mke wa yule bwana wa tumbaku. Hukugeuka hata shingo, uliniona kwenye kioo.

"Koleta, mtoe mayu wako hapo. Nywele za kitambaa zinataka Jiko."

Watu wakacheka. Mama naye akacheka, maana hakutaka kuonekana hajaelewa utani. Akasimama mwenyewe, na kabla ya kuhama akakifuta kile kiti kwa ncha ya kanga yake. Nilimwona. Alikifuta mara mbili.

Nikamwingiza kwa Jiko, nikawasha. Papo hapo ukanituma soda ya mke wa bwana wa tumbaku, na ukasema iwe baridi kwelikweli. Duka la kwanza hawakuwa na baridi. Nikaenda la pili. Niliporudi mama alikuwa amekaa wima, mikono juu ya magoti, machozi yanateremka. Nilipoinua kofia nikakuta sikio la kushoto limetoka lengelenge, na ngozi ya nyuma yake imebabuka. Nikamuuliza kwa nini hakuita mtu.

"Nilidhani ndivyo mnavyofanya mjini, mwanangu."

Wewe ulikuja, ukatazama, ukasema atapona, ngozi ya shamba ni ngumu. Mama alikwenda kanisani amefunga kitambaa mpaka kwenye nyusi. Nywele za mwaka mzima hakuziona mtu.

Nilibaki kwako. Ungenifukuza ningekwenda wapi? Lakini toka siku ile nilikuwa nakuchukia kwa utaratibu, kidogo kidogo, huku nakupaka mafuta.

Ndiyo maana presha ilipokuangusha, na siku ya tatu ukakata roho, nililia kwa sauti kuliko ndugu zako, na bado nikakufanyia niliyokufanyia. Wanawake wa jumuiya waliniita nikutengeneze kichwa kabla hujawekwa kwenye jeneza. Walipoona kichwa wakauliza, hana wigi la kumvalisha? Nikasema hana wigi. Lilikuwa ndani ya mkoba wangu. Nikazikusanya zile nywele chache za nyuma nikakusuka twende kilioni, mistari iliyonyooka ya haraka haraka, ule msuko uliopiga marufuku saluni kwako kwa sababu ni wa watu wasio na muda wala hela. Walipopita kukuaga wakaliona paji lako lote mpaka utosini. Niliona wanavyotazamana. Na mimi, Mungu anisamehe, nilisikia raha.

Nilidhani tumemalizana hapo.

Mwezi uliopita Bibi Harusi akazima ghafla, kichwa cha mtu kikiwa ndani. Nikampeleka kwa Fundi Ramadhani, yule mzee wa redio na pasi. Akafungua parafujo, akachungulia, akaanza kutikisa kichwa.

"Marehemu hakukwambia?" akasema. "Hii iliungua utumbo mwaka uleule alioileta, umeme ulikuja kwa nguvu. Nyaya za moto nilizofunga humu na za ile yenu nyeusi nilizinunua siku moja, duka moja. Moto wake ni uleule."

Huku anaitengeneza, akasema ulimwapisha asimwambie mtu. Mwaka uleule, dada. Mama alikuja mwaka wa tatu. Kwa hiyo siku ile ulipomnyanyua mbele za watu hukumnyima chochote ila ganda jeupe. Wale wake za wakubwa walikuwa wanakaa kwenye Jiko lililovishwa shela, na wewe unajua, na usiku unalala.

Nilicheka palepale kwa fundi mpaka akaniletea maji. Nilipofika nyumbani kicheko kikakata.

Maana miaka yote mimi nilijipa moyo kwa jambo moja: mama angekaa kwa Bibi Harusi asingeungua. Kosa lilikuwa la Jiko, na aliyempeleka kwa Jiko ni wewe. Sasa moto ni mmoja. Kwa nini basi kwa Bibi Harusi hajaungua mtu hata mara moja? Nikakaa nikakumbuka ulivyokuwa unafanya. Ulikuwa unawawekea pamba masikioni. Unapita kila baada ya muda, unaingiza kiganja chini ya kofia, unauliza, panachoma, mama? Unapunguza. Kwa Jiko hakuna aliyekuwa anapita. Watu walikaa pale mpaka wakumbukwe. Kilichomuunguza mama ni kwamba hapakuwa na mtu pembeni yake, na mtu aliyetakiwa kuwa pembeni yake alikuwa mimi. Mimi nilikuwa natafuta soda ya baridi ili usinigombeze. Sikumwachia hata mtu neno moja, kwamba niangalizieni mama yangu.

Kwa hiyo Zuhura alipokuja tena nilimjibu. Nilimwambia ya bei haikaushi zaidi. Labda kelele zake ni ndogo, labda inadumu kama umeme wa mtaa wenu una adabu. Anayelipia bei kubwa analipia mtu wa kumsimamia, kwa hiyo nunua ya kawaida, na usiondoke kwenye kichwa cha mtu. Akaniangalia kama nimemwonea wivu. Jana nimeona bajaji inamshushia draya ya bei, kubwa, nyeupe.

Na mimi niliyemfundisha mwenzangu, sikiliza nilivyofanya.

Jumamosi nilimwita mama. Kovu la sikio limebaki, anaziba kwa kitambaa. Nikamwosha, nikamfunga rola, nikamwonyesha Bibi Harusi. Akakataa. Akasema pale ni pa wakubwa. Nikamwambia mkubwa wa hapa sasa ni mimi. Akakaa ukingoni kabisa, kama mtu aliyekuja mara moja. Nikamwekea pamba. Nikasimama na kiganja changu chini ya kofia, sikuondoka hata hatua, namuuliza kila mara kama panachoma. Akafumba macho.

"Kumbe moto wa hela ni mtamu hivi," akasema.

Nilikuwa nimekusudia kumwambia ukweli siku ile. Neno lilifika kwenye meno. Lakini nikimwambia moto ni uleule, atauliza basi siku ile kilitokea nini, na jibu ni mimi. Nikalimeza. Nikajiambia ninamtunzia raha yake. Na kusema kweli nilifurahi, dada. Nilikuwa najiona kwenye kioo chako nimemsimamia mama yangu mbele ya watu, na nilijipenda.

Kwa Jiko nilikuwa nimemweka mwanamke mmoja wa kijijini Lusu, binti yake anaolewa. Mtu mpole, alinisalimia akiwa amepiga goti. Nilimwashia nikaenda kwa mama. Nimekuja kumkumbuka ninamtoa mama rola ya tatu au ya nne. Nikageuka. Alikuwa amejikaza, macho ameyafumba, kiganja kimeshika paja. Nikakimbia nikainua kofia. Sikio lilikuwa jekundu, juu limeanza kuvimba maji.

Nikamuuliza kwa nini hakuniita.

"Nilikuona una mgeni wa maana," akasema.

Mama alinyanyuka na rola zake nusu kichwa, akaja akalitazama lile sikio kwa muda mrefu. Kisha akanitazama mimi. Akalowesha kanga yake kwenye beseni, akamkanda yule mwanamke taratibu, wakawa wanaongea Kisukuma kwa sauti ya chini, na mimi nimesimama katikati ya saluni nimeshika kitana sijui nikiweke wapi. Jioni mama alikwenda kulala kwa ndugu yake, hakulala kwangu.

Wigi lako ninalo. Nimelichana, nimelifunga kwenye karatasi safi, nitalileta makaburini nikipata ujasiri wa kupita mbele ya watu nalo. Raha ya milele nitakuombea Jumapili, leo imenishinda. Kwaheri, dada Fortunata. Ahadi yangu ni moja tu: wakiniuliza nimefundishwa na nani nitataja jina lako lote, na sitasema tena kwamba nilichojifunza kwako ni nywele peke yake.

Ni mimi mwanafunzi wako,
Koleta