Kasuku Hakuwa Mvivu, Mjomba

Chumba cha juu, nyuma ya karakana ya seremala,
Jumapili, 9 Agosti.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Niwie radhi nikitanguliza hoja mbele ya salamu: dada yangu, uliyempa jina la Kasuku, hakuwahi kuwa mvivu, wala bintiye si mvivu. Hilo nitalitetea hadi mwisho wa ukurasa.

Sasa nikujulie hali. Goti linaendeleaje na baridi ya huko? Sisi tu wazima. Mama anakohoa kidogo, lakini ugomvi wake na redio haujapungua.

Nazikumbuka mno alasiri za Jumapili sebuleni kwako: harufu ya dawa ya viatu, wewe ukipiga brashi, sisi tukipokezana kukusomea gazeti. Kasuku alikuwa akiniomba nimsomee aya yake jikoni, mara moja tu, kisha anakuja kuitiririsha mbele yako neno kwa neno. Mpaka siku ulipomshikisha gazeti la juma lililotangulia, naye akaendelea na habari za siku ile bila kukwama. Tulicheka hadi machozi. Ukasema, "Huyu ni kasuku, hasomi. Uvivu mtupu." Alicheka pamoja nasi, Mjomba, lakini hakulishika tena gazeti.

Hali hiyo, ya herufi kumgomea mtu mwenye akili timamu, huitwa disleksia. Picha za ubongo zinaonyesha kwamba, kwa wengi walio nayo, maeneo ya upande wa kushoto yanayooanisha herufi na sauti hufanya kazi kwa namna tofauti na kwa wengine. Akili haipungui kwa hilo. Mvivu gani hukariri aya nzima kwa kuisikia mara moja? Na mtoto wa namna hiyo akifundishwa kwa subira, sauti baada ya sauti, husoma.

Juzi uliandika katika kundi la ukoo kwamba binti yake, ambaye naye herufi zinamgomea, aachishwe shule, ashike cherehani kama mama yake. Shemeji alimsomea Kasuku ujumbe huo, naye akaikunja sare ya mtoto bila kubisha. Mwalimu yuko tayari kumfundisha binti peke yake, ila hapa nyumbani hakuna anayevuka kauli yako. Nilipobisha, niliambiwa shahada imenipanda kichwani. Huenda. Hoja yangu haijajibiwa.

Nisalimie mkaza mjomba na wale mapacha. Mungu akuzidishie umri na wepesi wa miguu.

Nimekuandikia faraghani kwa heshima, lakini jibu usinipe faraghani. Kabla muhula haujafunguliwa, litoe kule kule kwenye kundi, mbele ya ukoo mzima: ama onyesha nilipokosea, ama mrudishe mtoto darasani. Na tafadhali, usiandike. Rekodi sauti yako, Kasuku akusikie mwenyewe.

Wako akupendaye na kukubishia,
Mpwa wako.