Ukurasa wa Waliopotezana

Jumatatu, 31 Mei 2004
Chai, mandazi, kazini. Mashine za duka letu la intaneti hapa Kamembe, upande wa Rwanda, zimewaka zote. Nimeingiza majina mapya kwenye ukurasa wa waliopotezana kwa vita: nani anatafutwa, nani amepatikana, yuko wapi. Naipenda kazi hii kuliko ninavyowaambia watu.
Risasi zinasikika Bukavu, ng'ambo ya mto, Kongo.

Jumanne, 1 Juni
Mwenzangu Innocent, aliyekulia Bukavu, amesoma onyo. Programu tuliyotengenezea ukurasa ina tundu. Mtu akiitumia maneno marefu kupita nafasi iliyotengwa, kumbukumbu inafurika, naye anaweza kupenyeza amri zake humo. Mashine inamtii yeye. Atasoma kila kitu, hata mahali watu walikojificha.
Toleo lililorekebishwa lipo, ila laini yetu ya intaneti inajikokota, kulishusha kutachukua muda. Innocent anataka tuuache ukurasa wazi: watu wanavuka mto, watatafutana. Nimeufunga. Tumegombana vibaya.

Jumatano, 2 Juni
Siku mbaya. Umeme umekatika katikati ya kushusha toleo. Tumeanza upya.
Kaja Maman Furaha, amevuka kutoka Bukavu. Binti yake Neema kampotea kwenye msongamano darajani.
"Bananiambia munaandikaka majina ya batoto hapa."
"Tumefunga kwanza, Maman. Mashine haiko salama."
"Munafunga leo? Leo hii?"
Nimezunguka naye msikitini, parokiani, sokoni, tukiuliza kwa mdomo. Hakuna. Nimerudi nimejichukia.

Alhamisi, 3 Juni
Toleo limefika! Tumeliweka. Nimeutumia ukurasa maneno marefu kwa makusudi. Nilipojaribu hivyo kwa programu ya zamani, mashine ilizimika papo hapo. Sasa imeyakataa, imeendelea na kazi. Innocent kacheka hadi machozi. Tumepatana bila kuombana radhi.
Kabla ya kufungua nimefuta maelezo yote ya mahali watu walipo. Yamebaki majina tu. Anayetafuta aje, tumhoji kwanza. Tundu limezibwa, lakini siamini tena kwamba ni la mwisho. Jina la Neema nimeliandika mwenyewe.

Ijumaa, 4 Juni
Muuguzi wa Nzahaha, huko mashambani, kaja mjini kufuata dawa, kakaa kwetu kusoma barua pepe zake. Kaufungua ukurasa. Kaniita. Kuna msichana kwa wakulima jirani zake, anaitwa Neema, ana kovu la moto mkono wa kushoto.
Nimemwita Maman Furaha, ila sikumtajia kovu. Nimemuuliza tu mtoto ana alama gani. Kashika mkono wake wa kushoto: "Hapa. Aliungua na mafuta ya sambusa."
Ni mkono huohuo. Wameondoka pamoja na muuguzi kwenda kumchukua Neema. Maman alinikumbatia hadi kilemba changu kikaanguka.

Jumapili, 6 Juni
Mvua. Duka limefungwa. Nimekaanga sambaza, dagaa wa ziwani, Innocent na mkewe wamekuja na ndizi. Tumekula polepole. Bukavu hakuna risasi leo. Wageni wameondoka, nimeosha vyombo, nimelala mchana kama mtoto.