Serveri Ilipojibu Haraka

Mama yangu,

Nakuamkia kwa mikono miwili, hata kama mumoja umefungwa bandeji. Magoti yako iko namna gani? Bibi bado anakataa dawa? Mimi niko muzima, usilie mbele ya kumaliza kusoma.

Unajua kazi yangu hapa hospitali: kuchunga serveri, ile masini yenye majina ya wagonjwa wote. Bon. Juzi ngambo ya mto, Lubunga, watu walikatana mapanga juu ya kugombea mashamba. Majeruhi wakaletwa na mitumbwi, damu mpaka kwenye ngazi zetu. Ndugu zao wakajaa kwa dirisha langu: fulani iko wapi? Iko hai? Na masini, Mama, dakika kumi kwa jina moja!

Kosa lilikuwa langu. Usiku hatuna umeme, jenereta inawashwa asubuhi, donc nilipanga kopi ya majina yote ifanyike asubuhi, kwenye diski ile ile moja. Diski inaandika kopi, inatafuta jina, yote pamoja, inakwama. Nilikataa kusimamisha kopi, niliogopa itaharibika. Unajua kichwa yangu ngumu.

Mwanaume mumoja akapiga kelele: "Munaficha maiti ya ndugu yangu!" Akavunja kioo na panga, akanikamata nywele, akanigonga uso kwenye meza mara mbili. Kioo kikanipasua mukono. Nilimutukana na damu mudomoni. Walinzi wakamutoa kwa mateke, na wallahi nilifurahi.

Kisha nikafanya kile nilipashwa kufanya zamani. Nikazima, nikafunga diski mupya, ile ya haraka isiyozunguka, nikaweka majina humo. Kopi nikaiachia diski ya zamani, peke yake. Nilifanya na mukono mumoja, nikilia kwa hasira.

Masini ikawaka. Yule mwanaume alikuwa angali kwenye ngazi, jicho limevimba. Nikamuita.

"Leta jina la ndugu yako."

Nikaandika. Kabla sijavuta pumzi, jibu likatoka: chumba cha maiti, tangu asubuhi.

Akainama kwa dirisha, akasoma yeye mwenyewe. "Dada, ile ya polepole ilikuwa muzuri kupita hii."

Mama, nisalimie Tonton Saidi mushonaji, na dada mukubwa na watoto wake. Na Juma, kaka yangu anayetaka kuja kulima Lubunga, umuambie abaki Kindu. Sitaki kuandika jina lake kwenye masini hii. Sasa inajibu haraka.

Mutoto wako wa kichwa ngumu,
Zaina