Max Ni Nani

Kitui Mjini, 9 Desemba 1986

Dada Hasina,

Salaam tele. Mvua imenyesha, kunde zimeota hadi mlangoni, na mimi bado ndiye mwanamume mzuri kuliko wote Kitui, ingawa kioo kinabisha.

Najua hujibu barua za mumeo. Rashid alizamisha boti ya kuvusha watu mto Athi, kamati ya kivuko ikamwachisha kazi, na upande wa Makueni wanamwita "nahodha wa chini ya maji". Alikuandikia kwamba injini ilikuwa kubwa mno, ukamwona mwongo. Dada, si mwongo. Injini niliichagua mimi.

Boti yenyewe ni ya alumini, nyepesi kama sufuria. Nyuma ina kibao: MAX 10 HP.

Rashid akaniuliza, "Shemeji, wewe umetembea dunia, hapa pameandikwa nini?"

Nikamwambia mbele ya watu, "Max ni mzungu aliyeitengeneza, na hao farasi kumi ni wake. Sisi tufunge ishirini na tano, Athi itujue!" Wakanipigia makofi.

Siku ya kwanza Rashid alivuta kamba, injini ikanguruma, mkia ukazama, pua ikatazama mbinguni. Abiria wote waliokolewa, alhamdulillahi. Mimi nilikuwa ukingoni, nikicheka na wengine.

Baadaye mwalimu mmoja alinieleza: max maana yake ni mwisho, injini isizidi nguvu za farasi kumi. Nikanyamaza. Rashid naye hajanitaja kwa mtu, hata kwako.

Ijumaa kamati inakaa. Nitasimama niwaambie Max ni nani. Wewe mwandikie mumeo leo.

Kaka yako aliyezidisha,
Shee