Ouko, Kinyozi wa Sirari, na Mbegu ya Kwanza

Mwaka umezunguka, Ouko, tangu utuache, na mdogo wako Odongo ametukubalia tuandike mbele ya watu wote: siku ile mjinga alikuwa yeye. Mwanzoni alitaka tuandike kwamba "aliteleza kidogo". Tumekataa.

Ulikuwa kinyozi mwenye kiti kimoja na maneno mengi. Ulimnyoa mtu huku ukimsema, akainuka amependeza na ameumbuka. Kisha mkono ukaanza kutetemeka. Waliokuachia vichwa vyao miaka yote wakaanza kupita ng'ambo ya barabara. Hawakujua kuwa mkono ule ulitetemeka ukiwa umepumzika gotini, lakini ukishika mashine ulitulia. Mteja wako Heche peke yake aliendelea kuja, nawe ukamwambia, "Wewe njoo tu, una kipara. Nitaharibu nini?"

Walisema umelewa. Walisema umerogwa. Daktari kule Mwanza akasema ni ugonjwa wa Parkinson: kuna sehemu ndani ya ubongo inayotengeneza kitu cha kupitisha amri za mwili, na kwako inakauka. Ubongo unaagiza mguu uende, amri inafia njiani. Hauponi, alisema, ila vidonge vinasaidia. Vikifika kichwani unatembea, vikiisha nguvu unaganda. Ulitoka pale ukamwambia mkeo Zilpa, "Kumbe umeolewa na simu isiyokaa na chaji."

Uliganda sana milangoni. Zilpa alilaza ufagio mbele ya miguu yako, maana mguu ulioganda huamka ukiona kitu cha kuvuka; ukauvuka, na safari ikaendelea. Uso wako uliacha kucheka. Wewe mwenyewe hukuacha. Ilibidi tujifunze kukisikia kicheko chako ndani ya maneno.

Odongo hakujifunza.

Sisi Waluo, mdogo hapandi shamba kabla ya mkubwa wake. Mvua zilikuwa zimeshanyesha, mahindi ya majirani yamechipua, na Odongo bado anakungoja wewe udondoshe mbegu ya kwanza. Zilpa alikuwa amevuka mpaka kwenda mazishini Migori. Alimwachia Odongo agizo: vidonge kwanza, tumbo likiwa tupu, chakula baadaye.

Odongo akaona hayo ni mambo ya kumtesa mgonjwa kwa njaa. Akakuwekea nyama ya mbuzi na kikombe kikubwa cha maziwa, ndipo akakupa vidonge. "Kula, omera, ndugu yangu," alisema, "shamba linataka nguvu." Ulijaribu kukataa. Sauti yako ilikuwa imekuwa ndogo siku hizo, na yake haijawahi kuwa ndogo.

Ulifika katikati ya shamba, bakuli la mbegu mkononi, ukaganda. Hukuwa umedondosha hata punje moja. Watoto waliokuwa njiani wakaanza kukuigiza: mmoja akasimama kama wewe, wenzake wakamsukuma. Watu wazima waliowaona walicheka nao. Mvua ikaanza.

"Unanifanyia makusudi," Odongo alisema. "Unataka wanangu walale njaa mwaka huu." Akautazama uso wako ulivyokauka, akaona dharau. "Na bado unaniangalia hivyo?"

Ulinong'ona. Ilibidi ainame ili akusikie.

"Dawa imeshiba, omera," ulisema. "Imelala."

Ulikuwa unamtania, Ouko, huku maji yakikuchuruzika shingoni. Sisi tungejua. Yeye alikushika mkono akakuvuta. Mwili ukaja, miguu ikabaki. Ulianguka kifudifudi kwenye tope, maji machafu yakakuingia hadi kifuani ukashindwa kuyakohoa, na bakuli likamwagika lote mahali pamoja. Kitu cha kwanza alichoinama kuokota kilikuwa mbegu.

Zilpa aliporudi alikukuta unakohoa na mwili unawaka moto. Hospitali walisema ni nimonia. Daktari akauliza siku ile ulikula nini kabla ya vidonge, akaambiwa. Akaeleza kwamba nyama na maziwa hugombea njia moja na dawa hiyo, na vikitangulia, dawa haifiki kwenye ubongo. Odongo alikuwa amesimama nyuma ya mlango. Alisikia kila neno. Wewe hukurudi nyumbani ukiwa hai.

Kiti chako bado kipo Sirari. Heche hukikalia akingoja mtu wa kumtukana vizuri, na hajampata.

Wanaokukumbuka ni mkeo Zilpa, binti zako Akinyi na Awino, mdogo wako Odongo, ndugu zako wote wa Migori, na Heche na kipara chake. Jina lako halitatoka midomoni mwetu, Ouko, tukiwa tunacheka na tukiwa hatuwezi.

Na ujue kwamba mvua zimerudi. Tukiwa tumekaa kuandika haya, Odongo alisema kwamba, kwa kuwa sasa mwanamume mkubwa wa boma ni yeye, kesho ataanza kupanda. Zilpa akamwambia nyumba yako, Ouko, bado ndiyo ya kwanza, na mbegu ya kwanza ataidondosha yeye, mkeo.

"Sawa, shemeji," Odongo alisema, "lakini na hilo goti lako bovu, katikati ya shamba utafika lini?"

"Nitafika nikifika," Zilpa alisema. "Wewe kaa nyuma yangu, na usiniletee maziwa."